Fromaji Ngumu ya Zamani: Kula au Kutupa?

Pengine ulinunua sokoni fromaji ya Masisi, ile ya duara na ya manjano ambayo wengi wanaiita fromaji ya Goma. Ulikula kipande, ukaweka kingine katika kabati. Baada ya majuma kadhaa unakishika tena: ganda limekauka, na juu yake kuna ukungu wa kijani. Utafanya nini? Utatupa, na feza yako ipotee? Ama utapangusa ukungu kwa mkono na kuwapa watoto?

Katika neno hili kuna watu wa namna mbili. Wa kwanza wanasema, “Mikrobe haiui Mwafrika,” nao wanakula kila kitu. Vitanda vya hospitali vinawajibu kila siku. Wa pili wanaogopa kila doa, wanatupa chakula kizima ambacho kingewapa watoto nguvu. Kwa maoni yetu, wote wawili wanakosa, maana hawakuchunguza kwanza. Ukitaka kuhukumu fromaji vizuri, uliza maneno mawili: ina maji kiasi gani ndani yake, na ilitengenezwa kwa maziwa gani?

Kwanza, maji

Fromaji ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji na kutiwa chumvi. Ukungu na mikrobe zinahitaji maji ili ziongezeke, kama vile mbegu inavyohitaji mvua. Kwa hiyo fromaji kavu yenye chumvi ni kama shamba la mawe: ukungu unaota juu, lakini mizizi yake haiendi mbali. Fromaji laini ni kama shamba lenye maji mengi: mizizi inapenya mpaka ndani, wala huwezi kuiona.

Huko Italia kuna fromaji inayoitwa Parmigiano Reggiano. Inakaa miezi 12 au zaidi kabla ya kuuzwa, na katika kila gramu 100 maji ni karibu gramu 30 tu. Fromaji laini nyeupe inaweza kuwa na maji kupita nusu ya uzito wake. Fromaji ya Masisi iko katikati. Ikiwa changa, kidole kinaingia. Ikikaa na kukauka, inakuwa ngumu. Basi, ibonyeze kwa kidole safi mahali pasipo ukungu. Ikibonyea na kutoa unyevu, ihesabu kuwa laini. Ikiwa na ukungu, itupe.

Namna ya kukata

Kama ni ngumu kweli, na ukungu uko juu tu mahali pamoja au pawili, fanya hivi:

1. Usiinuse karibu, maana vumbi la ukungu linaingia kifuani.
2. Chukua kisu safi. Kata upana wa sentimeta 2 na nusu kuzunguka ukungu, na kwenda chini vilevile. Kupangusa au kukwangua hakutoshi.
3. Kisu kisipite ndani ya ukungu. Kikiugusa, kioshe kwanza.
4. Tazama ndani ya kipande kilichobaki. Kama kuna ufa, na ukungu umeingia ndani ya ufa huo, tupa yote.
5. Funga kilichobaki kwa karatasi mpya.

Sheria hii si ya fromaji iliyokunwa wala iliyokatwa vipande vyembamba. Hizo zikiota ukungu, zitupe zote. Tena usiipeleke kwenye mkate, mahindi wala karanga. Karanga na mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inaharibu ini, na kupika hakuiondoi.

Dalili zisizo za kuogopa, na dalili za kutupa

Usiogope ganda gumu lililogeuka rangi kidogo. Usiogope mafuta yanayotoka juu wakati wa joto. Katika fromaji ya zamani sana utaona pengine chembe nyeupe ndani, zinazolia kama mchanga kwenye meno. Huo si ukungu. Ni chembe zinazojitengeneza fromaji inapokomaa.

Lakini itupe ikiwa inateleza kama ute, ikiwa imevimba, ikiwa na mafunza, ikiwa inanuka uozo ama mkojo hata baada ya kukata ganda, au ikiwa chungu mdomoni. Usiseme, “Nitaipika, moto utaiponya.” Moto unaua mikrobe nyingi, lakini kuna sumu zilizoachwa na mikrobe ambazo moto wa jikoni hauziharibu.

Pili, maziwa

Neno hili ni kubwa kuliko ukungu, na watu wengi hawaliulizi. Ukungu unaonekana, lakini mikrobe za maziwa hazionekani wala hazinuki.

Katika kisiwa cha Malta, watu na askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa ndefu, yenye jasho na maumivu ya viungo. Mwaka 1887 David Bruce, munganga wa jeshi la Uingereza, alitambua mikrobe ya homa ile. Lakini ilitoka wapi? Mwaka 1905 Themistocles Zammit, munganga wa Malta, aliikuta kwa mbuzi. Mbuzi wale walionekana wazima, na watu walikunywa maziwa yao bila hofu. Ugonjwa huo unaitwa bruselozi, nao upo pia kwa ng’ombe. Chumvi na siku nyingi hupunguza mikrobe hiyo katika fromaji, lakini inaweza kuishi humo miezi.

Kwa hiyo, mama unayenunua, usimuulize mwuzaji tu, “Ni ya lini?” Umuulize pia, “Maziwa yalipashwa moto kabla ya kugandishwa?” Mwuzaji mwema hatakasirika. Wanunuzi wengi wakiuliza, watengenezaji nao watajifunza kuangalia maziwa yao.

Wasiojaribu

Mtu mzima mwenye afya anaweza kufuata sheria ya kisu. Lakini mama mwenye mimba, mtoto mchanga, mzee sana na mgonjwa asiye na nguvu wasipewe fromaji iliyoota ukungu, hata ikikatwa vizuri. Tena wasipewe fromaji ya maziwa mabichi. Kuna mikrobe inayoitwa listeria, ambayo inaongezeka hata ndani ya frigo. Kwa mama inaleta homa ndogo tu pengine, lakini inaweza kuua mtoto tumboni. Mama mwenye mimba akipata homa, aje hospitali mara moja, aseme alikula nini.

Kuitunza

Nunua kipande cha kutosha siku chache. Kifunge kwa karatasi au kitambaa safi, si kwa plastiki iliyobana, maana inashika unyevu. Kiweke mahali pa baridi, mbali na inzi na panya. Ganda likianza kulowana, lipanguse kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi, kisha ulikaushe.

Ndugu msomaji, hatukuambii utupe chakula ovyo. Kata panapofaa kukatwa, ule. Lakini ukibonyeza na kutazama, nawe bado una mashaka, tupa bila kusikitika. Bei ya kipande cha fromaji haifiki bei ya siku moja kitandani hospitalini.