Maumivu ya Mjomba na Daftari la Mofini

Mjomba wangu alikuwa bwana shamba kwa miaka 31, na katika muda wote huo sikuwahi kumsikia akiulalamikia mwili wake. Mwaka juzi, wiki chache baada ya mavuno, macho yake yaligeuka manjano. Majirani walisema nyongo imempanda, wakamletea mwarobaini. Zahanati ikamtibu malaria, kisha kituo cha afya kikamtibu homa ya ini. Miezi minne ikapita. Alipofikishwa hospitali kubwa na kupigwa picha ya CT, ikadhihirika kwamba majirani walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sisi tuliosoma. Ilikuwa saratani ya mirija ya nyongo, nayo ilikwisha kusambaa hadi kwenye uti wa mgongo na nyonga.

Mirija hiyo huichukua nyongo kutoka kwenye ini na kuipeleka kwenye utumbo mdogo. Uvimbe unapoiziba, nyongo hurudi kwenye damu: macho na ngozi huwa vya manjano, mkojo hukolea kama chai ya rangi, choo hupauka, na mwili huwasha usiku kucha. Mara nyingi mwanzoni hakuna maumivu, na ndiyo maana mgonjwa huchelewa. Kaskazini mashariki mwa Thailand ugonjwa huu ni wa kawaida mno, kwa sababu watu hula samaki wabichi wa maji baridi wenye minyoo ya ini. Kwingineko wagonjwa wengi hawana chanzo kinachojulikana. Mjomba aliuliza sana alikosea nini. Hakukosea kitu.

Daktari aliniita mimi pembeni, si yeye, akisema, "Wewe ni daktari mwenzetu." Uzamivu wangu ni wa sayansi ya siasa, haujui hata ini liko upande gani. Akaniambia kwamba ugonjwa umefika kwenye mifupa, hakuna la kufanya tena, tumrudishe nyumbani akapumzike.

Ndugu msomaji, sentensi hiyo ya "hakuna la kufanya" ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kwamba hakuna la kuponya ilikuwa kweli, na sikumlaumu daktari kwa hilo. Lakini kulikuwa na mengi ya kufanya. Kijibomba kidogo kinaweza kuwekwa ndani ya mrija ulioziba ili nyongo ipite na muwasho upungue. Maumivu ya mifupa yaliyoletwa na saratani yanaweza kutulizwa kwa mionzi, na tafiti zimethibitisha kwa miaka mingi kwamba, kwa wagonjwa wengi, dozi moja ya siku moja hutuliza maumivu sawa na dozi nyingi za wiki kadhaa, ingawa baadhi huhitaji kurudia. Kwa mtu anayetoka mkoani, ambaye kila shimo la barabarani analisikia kwenye uti wa mgongo, tofauti ya siku moja na wiki tatu ni tofauti ya kutibiwa na kutotibiwa. Na kuna mofini ya maji: unga uliochanganywa na maji, unaonywewa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitumia kwa maumivu ya saratani mwaka 1986. Nilikuwa shule ya msingi.

Tulirudi nyumbani na vidonge vya parasetamoli na diklofenaki. Wiki ya pili mjomba hakuweza kugeuzwa kitandani bila kupiga kelele. Wajukuu wakahamishiwa nyumba ya jirani. Nilikwenda hospitali ya wilaya. Nikaelezwa, kwa adabu kabisa, kwamba mofini ni dawa inayodhibitiwa, kwamba mwenye idhini ya kuiandika yuko masomoni, na kwamba hata angekuwapo, dawa yenyewe haikuagizwa kwa kuwa daftari linaonyesha haina matumizi. Mtumishi wa umma anayesoma hapa naomba airudie hoja hiyo polepole. Haiagizwi kwa sababu haitumiki, na haitumiki kwa sababu haipo.

Jioni ile mjomba aliniuliza, "Mpwa wangu, serikali niliyoitumikia imekosa hata kitu cha kunipa usingizi?" Mimi ninayefundisha sera za umma kwa wanafunzi mia mbili nilikosa jibu.

Najua hofu iliyopo. Kila mtaa wetu una kijana aliyeharibiwa na dawa za kulevya, na neno teja linatutisha kwa haki. Lakini mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 uliozaa udhibiti huu unatamka katika utangulizi wake kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi ni ya lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Sisi tumeisoma nusu ya kuzuia tukaiacha nusu ya kupatikana. Tume ya jarida la The Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za kundi la mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1.

Wala tusijifariji kwamba huo ni umaskini tu. Jirani zetu Uganda si matajiri kutuzidi. Tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa ikitengenezwa huko kwa gharama ndogo, na mgonjwa anayeihitaji huipata bure. Mwaka 2004 walirekebisha kanuni ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waruhusiwe kuiandika. Ni uamuzi wa karatasi. Haukuhitaji ghorofa wala mkopo, na nashuku ndiyo sababu hauwavutii wanasiasa wetu: chupa ya mofini haina utepe wa kukatwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu mwaka 2023. Wanafunzi wangu hubishana kuhusu michango na vifurushi, nami huwauliza swali jingine: ndani ya wilaya yako, ni nani mwenye idhini ya kuandika mofini, na akisafiri, ni nani anayebaki? Mmoja alikwenda likizo akauliza kwao. Alirudi na majina ya watu watatu waliomwelekeza kwa mtu wa nne.

Sisi mofini tuliipata mwishowe, kwa simu za kufahamiana, katika hospitali ya mkoa mwingine. Mjomba alilala usiku wa kwanza saa sita mfululizo. Asubuhi akaomba uji, akamwita mjukuu, akaanza kumfundisha nafasi ya kupandia mahindi. Tulipata siku 19 za namna hiyo. Baada ya mazishi ilibaki chupa moja na nusu, nikaipeleka hospitali ya wilaya isije ikamsaidia mtu vibaya. Mfamasia aliipokea kwa mikono miwili, akafungua kabati, akatafuta daftari la kuandikia dawa iliyorudishwa. Hakuliona. Akaniomba nirudi Jumatatu.