Viwanja vya Mitaa Yetu Tunamwachia Nani?



Shule zikifungwa, au Sikukuu ikikaribia, katika nyumba zetu nyingi za pwani huzuka maneno yale yale. Watoto huomba watolewe. Mama naye huomba, ingawa kwa sauti ndogo. Na baba hutoa jibu moja katika matatu: ama husema hapana pesa, ama husema hayo ni mambo ya upuzi, mtu mwenye dini hayamfai, ama, akiwa na uwezo, huwapakia garini akawapeleka hotelini au kwenye maduka makubwa ya kisasa, akatumia kwa siku moja mapato ya wiki nzima. Jibu la nne, lisilo gharama wala lawama, halimjii kabisa: kuwashika mkono watu wake akaenda nao kwenye kiwanja au bustani iliyo karibu na kwao.

Mimi nasema jibu hilo la nne ndilo lililostahiki kuwa la kwanza. Na kuliacha si jambo dogo, kwani ndani yake mna haki tatu zinazopotea: haki ya mtoto, haki ya jirani, na haki ya mji. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kisha uhukumu mwenyewe.

Tuanze na yule asemaye kutembea na watoto ni upuzi. Huyu hudhani kuwa dini ni kukunja uso. Lau angalisoma sira ya Bwana Mtume (S.A.W.) angaliona haya kusema aliyoyasema. Je, hajapata kusikia habari za Hanzala (R.A.), mmoja wa waandishi wa Mtume? Alitoka akilia, akihofu kuwa amekuwa mnafiki, kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kama kwa macho, lakini akirudi kwa mkewe na wanawe hushughulika nao akasahau. Mtume hakumwambia awakimbie watoto wake. Alimfahamisha kuwa mwanadamu ana saa yake ya hili na saa yake ya lile. Na ni yeye Mtume aliyeshindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), aliyemsimamia awatazame Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, na aliyerefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake amempanda mgongoni naye hakupenda kumharakisha. Wewe uliye chini yake kwa daraja zisizohesabika, ni heshima gani hiyo utakayoipoteza kwa kumsukuma mwanao kwenye pembea?

Na kama husema kuwa mtoto wa kiume na atoke, lakini mke na mabinti mahali pao ni ndani, basi jibu lake ni hadithi ya Ummu Atiyya (R.A.). Sala ya Sikukuu Mtume aliisali uwanjani, nje ya msikiti, na akaamrisha watolewe wanawake na wasichana, hata wale walio katika ada zao, ili wahudhurie kheri ile, ingawa hawa hawasali. Basi kiwanja cha wazi si mahali pageni kwa mwanamke wa Kiislamu. Akitoka kwa stara yake, na mumewe au nduguye yupo, na mahali ni pa heshima, nani wewe umfungie mlango ambao sheria haikumfungia? Mabibi wengi wa miji yetu hukaa katika vyumba viwili visivyo ua wala roshani, na siku za kaskazi joto huwachemsha kama walio chunguni. Kumtoa mtu kama huyu baada ya Alasiri akapate upepo wa bahari ni katika kuishi naye kwa wema, na hilo tumeamrishwa.

Sasa tumgeukie mwenye pesa. Yeye hakatai kuwatoa watoto, ila huona kiwanja cha mtaani ni cha maskini. Lazima apelekwe mwanawe mahali penye bwawa la kuogelea, na chakula cha bei ya juu, na picha za kuonyesha watu. Ndugu yangu, hebu tuhesabu pamoja. Umelipa kiingilio, umelipa chakula, umelipa petroli. Mwanao amejifunza nini? Amejifunza kuwa furaha hununuliwa, na kuwa asiyekuwa nayo pesa hana furaha. Pembeni ya bwawa ameona watu wakinywa ulevi mchana, na miili isiyo stara, na wewe babake umekaa hapo hapo unakula kana kwamba huoni. Kesho utamwambia hayo ni haramu. Atakusadiki kwa lipi? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Isitoshe, mwanao amerudi mtaani akamsimulia mwana wa jirani, ambaye babake ni mchukuzi au hana kazi. Mtoto yule naye akaenda kumlilia mamake. Lakini lau ungalimpeleka mwanao uwanjani, yule wa jirani naye angalikuwapo, na pembea ni moja, na mpira ni mmoja, na wote wawili wangalirudi wamechoka sawasawa. Hii ndiyo haki ya jirani ambayo wengi wetu hatuifikirii. Twajua kumpelekea sahani ya futari katika Ramadhani, kisha mwaka mzima twawatenga watoto wetu na watoto wake.

Utaniambia: “Sheikh, maneno yako ni mazuri, lakini viwanja hivyo huvijui. Vimejaa taka na mateja na wahuni. Nitampeleka vipi mke wangu?”

Hii ndiyo hoja yenye nguvu, na mimi siidharau. Lakini nakuuliza: mateja waliingia lini? Waliingia watu wa heshima walipotoka. Ubaya hupenda mahali patupu. Uwanja wenye kina baba waliokaa kwenye majamvi, na kina mama na chupa zao za chai, na watoto hamsini wakipiga kelele, mvuta unga hapati raha ya kuvuta hapo. Atajikunyata, kisha ataondoka. Na pengine mmoja wao ataona haya akakumbuka kuwa naye alikuwa mwana wa watu. Haendi mmoja, kweli, kwa kuwa mmoja ataogopa. Waende watu kumi wa mtaa mmoja kwa siku moja, na wiki ya pili waende tena.

Na mateja si adui mkubwa wa uwanja mtupu. Adui mkubwa huja na faili mkononi. Kiwanja kisichokanyagwa na watoto huandikwa katika makaratasi kuwa ni ardhi isiyotumika, kisha siku moja mwaamka mwakuta ukuta wa mabati, na ndani yake mashimo ya msingi wa nyumba. Haya si maneno ya barazani. Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u iliikabidhi serikali ya Kenya ripoti yake juu ya ardhi za umma zilizogawanywa kinyume cha sheria, na katika ardhi hizo mlikuwa na zile zilizotengwa kwa manufaa ya watu wote, viwanja vya kuchezea vikiwemo. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kudhulumu ardhi, hata shibiri moja, atafungwa shingoni kwa ardhi saba Siku ya Kiyama. Hiyo ni hukumu ya mnyang'anyi. Lakini nasi tuliouacha uwanja mpaka ukaonekana hauna wenyewe, tusijione hatuna lawama.

Angalia jambo lililotokea Nairobi. Mwaka 1989 palikuwa na azma ya kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Aliyesimama kulipinga alikuwa mwanamke, Wangari Maathai. Alitukanwa bungeni na nje ya bunge, lakini hakunyamaza, na mwishowe jumba lile halikujengwa. Yeye si wa dini yetu, na mgala muue na haki yake umpe. Alikuwa na ulimi na kalamu. Sisi tuna ulimi na kalamu, na juu yake tuna hadithi ya shibiri ya ardhi. Udhuru wetu ni upi?

Ukanda wa pwani nao ni hivyo hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imetaja kuwa ardhi yote iliyo baina ya mahali maji yanapojaa na mahali yanapokupwa ni ardhi ya umma. Maana yake ni kuwa mchanga ule ambao mwanao ajenga vijumba juu yake maji yakikupwa, ni haki yake kama ilivyo haki ya mgeni aliyelala katika hoteli iliyo nyuma yake. Lakini haki isiyotumiwa husahauliwa, na vichochoro vya kushukia baharini vimeanza kuzibwa kimoja kimoja mbele ya macho yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wajengewa wewe, ili usipite.

Basi tuchague vipi? Nitasema kwa ufupi.

Kwanza, chagua palipo karibu. Panapofikika kwa miguu utakwenda mara nne kwa mwezi. Pa mbali utakwenda mara moja kwa mwaka. Mtu wa kisiwani Mombasa anayo Makadara; anayo bustani ya Uhuru iliyo kando ya Pembe za Ndovu; anayo Mama Ngina, mahali pa upepo na mihogo na madafu, palipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019. Mtu wa Unguja ana Forodhani, iliyokarabatiwa ikafunguliwa tena mwaka 2009, na ana Mnazi Mmoja ya Sikukuu. Na asiyekuwa na bustani yenye jina hakosi mwembe mkubwa na uwanja wa mpira wa mtaa.

Pili, tazama usalama. Mama Ngina ni majabali na chini yake mkondo wa maji mengi. Usimwache mtoto ashuke peke yake. Ufukweni, jua saa za maji kujaa na kupwa, na siku za bamvua zidisha hadhari. Mtoto wa pwani asiyejua bahari ni mtoto aliyedanganywa, lakini kumfundisha ni kwa kuwa naye, si kwa kumwachia.

Tatu, chagua wakati. Baada ya Alasiri jua limepoa. Na Magharibi ikikukutieni nje, ardhi yote tumefanyiwa kuwa msikiti: tandika mkeka, adhini, umsimamishe mwanao kando yako. Atakayoyakumbuka katika uzee wake ni hayo, na si bei ya chakula.

Nne, chukua chakula cha nyumbani. Mahamri na mbaazi na chupa ya chai vyatosha; na ukinunua, nunua kwa mama anayekaanga viazi vya karai hapo hapo, kwani naye ana watoto nyumbani.

Tano, angalau mara moja kwa mwaka, ukijaaliwa nauli na kiingilio, wapeleke mahali penye mafunzo. Haller Park ya Bamburi ilikuwa machimbo makavu ya mawe ya saruji. Mwaka 1971 ikaanza kupandwa mivinje, na leo ni msitu wenye twiga na kobe. Hapo ndipo alipopelekwa yule kiboko mchanga Owen, aliyebaki peke yake mwaka 2004, akajiambatanisha na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Qurani yatuamrisha tutazame jinsi ardhi iliyokufa inavyohuishwa. Mwonyeshe mwanao kwa macho, usimsomeshe kwa mdomo tu.

Kisha, tukienda, twende kama Waislamu. Mtume ametutajia haki za njia: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Na ametuonya na laana ya kuchafua njia za watu na vivuli vyao. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2017, lakini chupa na maganda twayatupa vile vile. Ni aibu jamaa za Kiislamu wakiinuka, mahali pao pajulikane kwa taka walizoziacha. Chukua mfuko wako, okota takataka zako, uokote na za mwenzako. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na mtoto hujifunza tawi hili kwa kuona mkono wa babake ukiinama.

Na nyinyi maimamu na walimu wa madrasa, msikae mkangojea serikali. Wakusanyeni wanafunzi wenu siku moja katika mwezi, msafishe uwanja wa mtaa, kisha wacheze. Na penye uwanja ulioanza kuzungukwa kwa mabati, andikeni barua kwa serikali ya kaunti na kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, mtie sahihi watu wengi, wanaume kwa wanawake. Barua yenye majina mia ya wakazi wanaoonekana pale kila Ijumaa jioni ina uzito. Barua ya watu wasiokanyaga uwanja huo ni karatasi tu.

Ewe baba, mwanao hakuombi uwe tajiri. Akuomba saa mbili. Ukimnyima leo, kesho atazitafuta kwa mwingine, na huyo mwingine humjui. Na uwanja ulio nyuma ya nyumba yako haukuombi ulinzi wa bunduki. Waomba unyayo wa mwanao.

Mwenyezi Mungu (S.W.) atuwezeshe kuwatimizia watoto wetu haki zao, atuhifadhie miji yetu, na asitufanye katika wanaolia juu ya amana walizozitupa wenyewe. Amin.