Safari ya Mbale kwa Gari: Tuliteremkie Bonde la Ufa Mchana



Kila likizo za shule zinapokaribia, hutufikia swali moja kwa sura mbalimbali, na juma hili limetufikia tena kutoka kwa mama mmoja wa Mombasa. Kijana wake anahitimu katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoko Mbale, chuo ambacho tangu kifunguliwe mwaka 1988 kimewasomesha vijana wengi wa pwani yetu. Jamaa nzima ingependa kuhudhuria: baba, mama, watoto watatu na bibi yao. Gari wanalo. Baba amependekeza waondoke baada ya sala ya isha na aendeshe usiku kucha, ili isipotee siku wala fedha za malazi. Mama ana hofu, ila anachelea kuonekana anaingilia yasiyomhusu.

Tunamwambia kwamba hofu yake ni ya haki, na kwamba yanamhusu sana. Hofu ikiachwa moyoni hugeuka manung'uniko, bali ikikalishwa chini mapema pamoja na karatasi na kalamu huwa mpango.

Tuanze na hesabu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 485 hivi. Nairobi hadi Nakuru ni 160, Nakuru hadi Eldoret ni kama 155, na kutoka hapo kuna mpaka wa Malaba, kisha Tororo, ndipo Mbale. Jumla inakaribia kilomita 1,000. Kwa malori yaliyojaa njia ile, hizo si chini ya saa kumi na sita za kushika usukani, bila kuhesabu chakula, sala wala foleni ya mpakani. Sheria ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa ishirini na nne. Ulaya, dereva wa lori hulazimika kupumzika dakika 45 kila anapotimiza saa nne na nusu. Hao ni watu ambao kazi yao ni kuendesha. Vipi basi tumtwike zaidi yao baba aliyeshinda dukani au ofisini mchana kutwa?

Ndugu zetu wanaoishi Ujerumani au Italia huvuka milima ya Alps kwa magari, kutoka nchi moja hadi nyingine. Hununua mapema stika ya barabara za Uswisi na Austria, huuliza njia ipi imefungwa kwa theluji, na huzichagua tairi kwa kufuata majira. Hata hivyo, mnamo tarehe 24 Machi 1999 lori lilishika moto ndani ya handaki la Mont Blanc, kati ya Ufaransa na Italia, na watu 39 wakapoteza maisha. Mlima hauna mazoea na mtu.

Sisi nasi tuna Alps yetu, nayo ni kingo za Bonde la Ufa. Ukitoka Nairobi kupitia Limuru, pale Rironi njia hugawanyika. Ya juu hupita Kinungi, na ya chini hutelemka ukingoni hadi Mai Mahiu, kisha ikaambaa na mlima Longonot mpaka Naivasha. Hii ya chini ilijengwa na mateka Wataliana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kikanisa chao kidogo cha mwaka 1942 kingali kando ya barabara. Ni nyembamba, ina kona, na malori mengi hushuka kwa njia hiyo. Asubuhi na mapema ukungu huufunika ukingo wote, kwa hiyo ni heri kuondoka Nairobi jua likiwa limekwisha kupanda, kama saa mbili.

Katika mteremko, dereva aingize gia ndogo tangu juu, aiache injini ilizuie gari, na breki aziguse kwa vipindi. Anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zikakosa nguvu. Mkisikia harufu ya kuungua, tafuteni mahali salama, simameni, zipoe. Watu wengi wamekwisha angamia katika njia hizi. Tarehe 10 Desemba 2016, pale Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayowaka lilipoteza mwelekeo, likagonga magari na kulipuka, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, katika mteremko wa Salgaa, saa za usiku kabla ya alfajiri, na watu 36 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Misiba yote miwili ilitokea mwezi wa Desemba, wakati jamaa zinapotembeleana.

Majira pia yaangaliwe. Wakati wa masika ulizeni hali ya njia kabla ya kutoka. Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kwa kishindo kutoka upande wa Kijabe na kuwazoa makumi ya watu pamoja na nyumba zao.

Mpango tunaoupendekeza ni wa siku tatu. Siku ya kwanza, ondokeni Mombasa baada ya sala ya alfajiri na mlale Nairobi. Siku ya tatu, tokeni Nakuru asubuhi, mpande Timboroa, ambako ni takriban mita 2,700 juu ya bahari, na mwingie Mbale kabla ya magharibi. Watoto wa pwani hawaijui baridi ya huko, basi sweta na soksi ziwe karibu na mkono, zisizikwe chini ya mabegi.

Siku ya pili ndiyo fupi, nayo ndiyo ya starehe, kwani inatosha kwa mapumziko ya Longonot. Mlima huu una urefu wa mita 2,776, na jina lake limetokana na lugha ya Kimaasai. Ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni mwendo wa kilomita tatu hivi za kupanda, na kuzunguka ukingo wote ni kilomita saba nyingine. Vijana wenye nguvu wapande hadi ukingoni, wakivaa viatu vya raba na kubeba maji yao, kwani juu hakuna. Bibi na wadogo wabaki chini kivulini, wale mahamri yao na chai ya chupa. Dereva alale.

Waambieni watoto kwamba wazee wetu walipita hapa kwa miguu. Mwaka 1883 Joseph Thomson wa Uskoti alifika Naivasha na kuupanda mlima huu akifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, tajiri wa pembe kutoka Pangani, pamoja na wapagazi wa Unguja na mrima. Watu wa pwani si wageni katika bonde hili.

Kuhusu ibada, msafiri wa masafa haya ameruhusiwa kukusuru sala za rakaa nne zikawa mbili, na kujumuisha adhuhuri na alasiri, au magharibi na isha. Alfajiri na magharibi hazipunguzwi. Ruhusa hii ni rehema, basi isiwepo mbio za kuwahi msikiti wa mbele kwa kulipita lori kwenye kona. Mombasa kibla chetu ni kaskazini takriban moja kwa moja. Longonot ni kaskazini pia, ila kinaelemea mashariki kidogo, na Mbale huelemea zaidi. Chukueni msala, birika la kutawadhia na kanga ya ziada. Kina mama wapange vituo vya choo mapema, hasa aliye mjamzito au mwenye mtoto wa kunyonya. Kituo cha mafuta chenye maji na mlango unaofungika ni bora kuliko kichaka cha njiani.

Hati nazo ziwekwe katika bahasha moja: vitambulisho vya taifa vya watu wazima, hati za kusafiria za watoto pamoja na vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo ya homa ya manjano, hati ya umiliki wa gari, na Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo ndiyo bima ya gari ng'ambo ya mpaka. Kadi hii hutolewa na kampuni za bima, basi ishughulikieni kabla ya siku ya safari.

Limebaki jambo tunaloliona kubwa kuliko yote. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao kuwa amiri. Katika magari yetu tumezoea kudhani kwamba aliyeshika usukani ndiye amiri. Rai yetu ni kuwa kazi hizi mbili zitenganishwe. Dereva ana barabara, nayo yamtosha. Amiri awe mtu mwingine: mama, au bibi mwenye busara. Yeye ndiye aangalie saa, amtazame dereva macho yake, na aamue wapi pa kusimama. Na ikubaliwe na wote, baba akiwa wa kwanza, kwamba amiri akisema "simama", gari husimama mahali salama pa kwanza panapopatikana, bila mjadala na bila kununa. Mtoto naye akisema anaogopa mwendo, asikemewe.

Hili halimpunguzii baba heshima. Linampunguzia mzigo, maana mwanamume aliyechoka mara nyingi huona haya kukiri uchovu mbele ya watoto wake, na haya hiyo imezijaza mauti barabara zetu. Fedha za malazi ya usiku mbili ni nyingi, hatukatai. Kama hazipatikani kwa wote, wachache wakahudhurie mahafali na wengine wabaki wakiwaombea dua. Hiyo ni bora kuliko wote kuondoka usiku.

Basi jioni ya kabla ya safari, mkimaliza kula, kaeni dakika ishirini. Mchagueni amiri, someni majina ya vituo, kagueni bahasha, kisha dereva alale mapema. Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na awarejeshe salama.