Mshahara utajwe kabla kijana hajapanda basi



Nina dukuduku ambalo naamini wazazi wengi wa Wilaya ya Kilolo, Iringa, tunalo. Linahusu vijana wetu wanaoitwa kazini mijini kwa mshahara ambao hakuna aliyewapigia hesabu yake, si aliyewaita wala sisi tuliowasindikiza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, pamoja na ujira na namna unavyokokotolewa. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba anatakiwa kuyatoa wakati mfanyakazi anapoanza kazi. Wakati huo kijana wa hapa kwetu Ilula ameshafika Dar es Salaam, nauli imekwisha na begi lake liko sebuleni kwa shangazi. Karatasi hiyo ingemfaa kabla hajapanda basi.

Yaliyotupata nyumbani ni haya. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilimpigia simu binti yangu aliyemaliza chuo, ikamwambia mshahara wa kuanzia ni shilingi 400,000 na kwamba anahitajika wiki inayofuata. Tulishangilia. Hapa Ilula 400,000 ni hela. Nyanya zikijaa sokoni na tenga likakosa mteja, mkulima anaweza kulima, kupiga dawa na kuvuna, asiishike hela hiyo kwa mkupuo. Basi mshahara wa mjini tukaupima kwa mizani ya sokoni kwetu, na kwa mizani hiyo ulikuwa mzito. Hakuna aliyeuliza kama ni kabla ya makato au baada yake, na aliyepiga simu naye hakusema.

Hesabu yenyewe mzazi yeyote anaweza kuirudia kwa kalamu. Katika 400,000, mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 10, yaani 40,000. Kodi ya mshahara hukatwa baada ya kuondoa mchango huo, nayo kwa mshahara kama huu ni asilimia 8 ya kile kinachozidi 270,000. Kwake ni 7,200. Aliyesomeshwa kwa mkopo, kama yeye, hukatwa asilimia 15 kwa ajili ya Bodi ya Mikopo, yaani 60,000. Kinachobaki mkononi ni 292,800. Zaidi ya robo imeondoka kabla hajanunua hata sabuni.

Sipingi makato. Pensheni ni yake mwenyewe, na mkopo asipoulipa, wadogo zake watasomeshwa na nini? Ninachopinga ni kimya. Mwajiri alijua tangu siku ile ya simu kwamba 400,000 haitafika.

Likaja suala la kulala. Chumba kimoja, choo cha kuchangia, mwenye nyumba alitaka 50,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi ya mjini, alitaka ya miezi sita kwa pamoja. Hiyo ni 300,000. Dalali naye alitaka yake ya mwezi mmoja, jumla 350,000. Bado godoro, ndoo na jiko la gesi. Hayo yote yalitakiwa mwanzoni, na mshahara ulikuwa wa mwisho wa mwezi. Tuliuza mahindi tuliyoyaweka ya kula. Kwa maneno mengine, mtaji wa kumwezesha mfanyakazi wa kampuni ile kufika ofisini mwezi wa kwanza ulitoka ghalani Ilula, na mwenye kampuni hajui hata kwamba anadaiwa asante.

Sasa nauli. Tangu mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilipopandisha viwango Desemba 2023, daladala ya hadi kilomita 10 ni 600. Anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, hiyo ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Toa nauli hiyo na kodi ya chumba ya mwezi katika 292,800, zinabaki 180,400, yaani 6,000 hivi kwa siku. Humo mna chai, sahani ya mchana kwa mama lishe, chakula cha usiku, maji ya dumu, mchango wa umeme, sabuni, pedi na bando. Hapo hajaugua, hajachangia msiba, wala hajatuma kitu nyumbani, na nyumbani tunamwangalia yeye kwa sababu tulisikia ana 400,000.

Najua watakaosema kila mwanzo ni mgumu, avumilie. Sikatai. Lakini anayeanza akijua ugumu ulipo ana la kufanya. Angeomba kukaa kwa ndugu miezi mitatu akikusanya kodi. Angemwomba mwajiri sehemu ya mshahara mapema. Angesubiri tuvune. Pengine angeomba aongezwe kidogo, au angekataa kwa heshima na kuendelea kutafuta. Asiyejua hana hata moja la kuchagua, ila kwenda na kuona hukohuko.

Kuna jingine katika Sheria hiyo ya Ajira ambalo vijana wetu hawaambiwi. Miongoni mwa mambo yanayotakiwa kuandikwa ni mahali mfanyakazi alikoajiriwa. Si jambo la kujaza nafasi tu kwenye fomu. Kifungu cha 43 kinasema mkataba ukikomea mahali pengine, mwajiri amsafirishe mfanyakazi na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au amlipie gharama hizo. Kijana aliyepigiwa simu akiwa Ilula, kisha akasaini karatasi iliyoandikwa "Dar es Salaam" bila kuisoma vizuri, siku kazi ikiisha atapata shida kudai nauli ya kurudi kwao. Wangapi wanajua?

Serikali nayo isijitoe. Kwanza, kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi hupangwa kwa sekta, hakitazami mji. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023, kwa mfano, iliweka wakati huo 150,000 kwa mwezi kwa biashara na viwanda, ileile kwa muuza duka wa Ilula anayerudi kula nyumbani kwa mama yake na muuza duka wa Kariakoo anayelipa chumba na daladala. Majirani zetu wa Kenya wana viwango vyao kwa majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, na vingine kwa miji midogo na vijijini. Sisemi kwao hakuna shida. Nasema wamekubali kwamba shilingi moja haina nguvu ileile kila mahali.

Pili, matangazo ya kazi za Serikali yenyewe mara nyingi huandika ngazi tu, kwa mfano "TGS D", kama vile kila kijana amezaliwa akijua TGS D ni shilingi ngapi. Matokeo ya kimya hicho tunayaona huku kwetu kwa upande wa pili, kwa walimu na wauguzi wanaopangiwa Dabaga, Idete au Bomalang'ombe. Tuchukue mwalimu mwenye mshahara wa 800,000, kwa urahisi wa hesabu. Pensheni asilimia 5 ni 40,000. Kodi ya mshahara, ambayo kiwango chake hupanda kadiri mshahara unavyokua, ni 68,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 24,000. Chama cha walimu asilimia 2 ni 16,000. Bodi ya Mikopo ni 120,000. Zinabaki 532,000. Ni kweli chumba huku ni nafuu kuliko Dar es Salaam, na viazi na maharage vipo. Lakini mwalimu anayetoka Tanga akafika Julai na mashati ya mikono mifupi, cha kwanza kununua ni sweta na blanketi zito, tena kwa kukopa dukani. Mvua zikianza na barabara ikawa tope, bodaboda anayempeleka kufuata gari la Iringa mjini anapanga bei anayotaka. Hakuna aliyemwambia hayo, kama ambavyo hakuna aliyemwambia binti yangu habari za dalali.

Ombi langu si kubwa. Waziri mwenye dhamana ya kazi apeleke bungeni marekebisho ili maelezo yale ya kifungu cha 15 yatolewe kabla mtu hajaondoka kwao, si siku anayoanza kazi. Yaseme mshahara kamili, makato ya lazima, kinachobaki mkononi, na tarehe ya malipo ya kwanza. Hata ujumbe wa simu unatosha, mradi umeandikwa na unaweza kuonyeshwa baadaye. Tangazo lolote la kazi, la Serikali au la mtu binafsi, litaje fedha. "Mshahara mnono" si kiasi. Na wanaopanga kima cha chini waanze kuangalia mfanyakazi anaishi mji gani, si anafanya biashara gani tu.

Wakati tukisubiri Bunge, Halmashauri yetu ya Wilaya ya Kilolo inaweza kuanza bila kusubiri mtu. Ichapishe ukurasa mmoja kwa kila mtumishi mpya anayepangiwa kwetu: kodi ya chumba Ilula na vijiji vya juu, nauli hadi makao makuu ya wilaya na Iringa mjini, miezi ya baridi, na mahali pa kutolea fedha. Gharama yake ni karatasi tu.

Nasi wazazi tuache kushangilia kabla ya kuuliza. Simu ya kazi ikiingia, tumwambie mtoto aulize mambo matatu kabla ya kusema ndiyo: kinachobaki mkononi ni kiasi gani, kitalipwa lini, na hadi siku hiyo nitaishi kwa fedha ya nani? Mwajiri mwenye nia njema atajibu kwa dakika mbili. Anayekasirika kuulizwa ametupa jibu pia.

Mzazi,
Ilula, Kilolo,
Iringa.