Riwaya Mpya Isilale Kabatini Mwako

Riwaya mpya ya Kiswahili huingia Muscat ndani ya begi la msafiri. Hufungwa katikati ya kanga na kanzu, pembeni ya karafuu na embe zilizoviringishwa gazetini. Ikishuka uwanja wa ndege hupelekwa Mawaleh au Al Khoudh, husomwa na mtu mmoja, pengine na mkewe, kisha hutiwa kabatini. Safari yake inaishia hapo. Nyumba ya tatu mtaa huohuo yupo mtu mwenye kiu ya kitabu kama hicho, na hajui hata kama kimetoka.

Ndugu zangu wasomaji wa Muscat, na hasa nyinyi mnaokimaliza kitabu leo mkaanza kingine kesho, nina ombi moja. Ukimaliza riwaya nzuri, mtafutie msomaji wa pili. Usiishie kuisifu. Mtaje mtu kwa jina lake, kisha mpelekee.

Nawaelekea nyinyi kwa sababu sioni nani mwengine wa kuifanya kazi hii. Wachapishaji wetu wa Afrika Mashariki wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya ikiteuliwa kwenye mtaala hununuliwa na wazazi, wapende wasipende. Isipoteuliwa, uhai wake uko katika ndimi za waliokwisha kuisoma. Na sisi wa huku, mbali na maduka ya vitabu ya Dar es Salaam, Unguja na Nairobi, hatuna dirisha la kupita tukaona jalada jipya limesimamishwa.

Wazee wetu waliosoma Unguja wanakumbuka jinsi mpelelezi Bwana Msa alivyoingia majumbani. Mohamed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka mwaka 1960, na baada ya hapo watu wakawa wanamzungumza yule mpelelezi na kiko chake kama wanayemjua. Shindano lilikitoa kitabu, lakini waliokieneza ni watu waliokaa barazani wakabishana nani muuaji.

Leo mashindano yamerudi kwa nguvu. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014, na baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Mwaka 2017 tuzo hiyo ilimtambua Ali Hilal Ali kwa riwaya ya Mmeza Fupa, na mwaka 2018 Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwa. Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Miswada iliyokuwa imefungiwa kwenye droo za waandishi inatoka na kuwa vitabu. Sasa jiulize: kati ya watu uliokula nao pilau ya harusi mwezi huu, wangapi wamewahi kuyasikia majina hayo mawili ya riwaya? Sisi tunaosoma tungeweza kuwaambia. Ilikuwa kazi ya dakika tano, baina ya sahani na kahawa.

Kama hujui uanze na kipi, anza na Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Tuzo ya Nobel ilimfika mwaka 2021, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha kwa Kiswahili, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis. Miaka 28 mizima kitabu cha mtoto wa pwani kilikuwa kikisomwa duniani na mama zetu hawana njia ya kukifikia. Ndiyo maana mimi sikioni kuwa cha zamani. Kwa nyumba zetu nyingi kitabu hiki ndiyo kwanza kinatoka.

Nilimsomea shangazi yangu, ambaye macho yake hayamsaidii tena kwenye herufi ndogo. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula, yeye amejilaza, mimi niko kwenye mkeka. Hadithi inamwonesha Yusuf, kijana mdogo, na tajiri Aziz anayewatembelea nyumbani kwao na kumwachia sarafu kila anapoondoka. Mtoto anamwita ami. Halafu siku moja anachukuliwa kwenda kukaa dukani kwa tajiri huyo, na Khalil, kijana anayemkuta hapo, ndiye anayemfungua macho kuwa yule si ami yake kabisa: baba mtu ana deni, na yeye mtoto ndiye rehani. Shangazi alinyanyuka akakaa kitako. Akasema alijua tangu kwenye ile sarafu, hakuna tajiri anayempa mtoto fedha bure. Kisha akaanza kunihadithia habari za mtoto aliyelelewa kwao Unguja, ambaye kila mtu alimwita ndugu na hakuna aliyewahi kusema alitoka kwa nani. Hatukuendelea na kitabu siku ile. Nilinyamaza nikamsikiliza mpaka magharibi.

Kwa vijana wetu waliosomeshwa kwa Kiingereza, mikononi mwao ningeweka Theft, riwaya ya Gurnah iliyotoka Machi 2025, ya kwanza tangu aipate Nobel. Safari hii hatupeleki nyuma kwenye zama za Wajerumani, kama alivyofanya katika Peponi. Tuko katika Dar es Salaam na Unguja za juzi tu, zama za watalii na mahoteli. Badar, kijana maskini, anapelekwa kuwa mtumishi katika nyumba ambayo hajui anahusiana nayo vipi, anasingiziwa wizi, na anayemwokoa ni Karim, kijana msomi mwenye bahati zote. Maisha yao mawili, pamoja na ya Fauzia, yanapindana kwa namna ambayo kijana yeyote wa hapa mwenye binamu kule Unguja ataielewa mara moja. Akikimaliza, muulize ni nani hasa aliyeibiwa kitu ndani ya hadithi ile. Mtakesha.

Wala tusijifungie kwenye Kiswahili peke yake. Tunaishi katika nchi ambayo riwaya yake imepanda kwa kasi mbele ya macho yetu, na wengi wetu Kiarabu tunakisoma. Mwaka 2019 Jokha Alharthi na mfasiri wake Marilyn Booth walichukua tuzo ya kimataifa ya Man Booker kwa Sayyidat al-Qamar, mara ya kwanza kwa riwaya iliyoandikwa kwa Kiarabu. Mwaka 2022 Bushra Khalfan aliingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya ya Kiarabu kwa Dilshad, riwaya ya njaa na shibe katika Muscat ya zamani, ile iliyokuwepo kabla ya barabara hizi na taa hizi. Mwaka uliofuata Zahran Alqasmi akaishinda tuzo hiyohiyo, Muomani wa kwanza, kwa Taghribat al-Qafir. Humo yumo mtu anayeyasikia maji yakipita chini ya ardhi, na kijiji kinachomhitaji kwa ajili ya mifereji yake. Aliyewahi kuinama kwenye falaji la kijijini kwao akanawa uso atakisoma kitabu hicho polepole, kwa kutotaka kiishe. Na kama wewe ni miongoni mwa wale wanaoogelea katika Kiarabu na Kiswahili kwa usawa, basi ombi langu kwako ni kubwa zaidi: omba ruhusa kwa wenye haki, fasiri hata sura moja ya kwanza, tuisomeane. Kuna bibi zetu waliorudi Oman kutoka Afrika Mashariki baada ya mwaka 1970 ambao Kiarabu chao ni cha sala na sokoni. Dilshad ni habari za mji wanaoishi, na hawajaambiwa.

Sasa niseme jambo ambalo huwa tunalikwepa. Sisi watu wa huku tuna tabia ya kupendekezana vitabu vinavyotusifu, na kuvificha vinavyotuuma. Adam Shafi ametuandikia Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, Kuli mwaka 1979 na Vuta N'kuvute mwaka 1999, na yapo majumba hapa Muscat ambamo kile cha kwanza hakitajwi, kwa sababu ya namna kilivyowachora mabwana wa mashamba. Naelewa kwa nini. Walioondoka Unguja mwaka 1964 hawakuondoka na mabegi tu, waliondoka na maiti waliowazika na wengine ambao hawakuwahi kuwazika. Hakuna anayepaswa kumlazimisha mzee wa namna hiyo ayasome mapinduzi ya mwaka ule kwa jicho la upande wa pili.

Lakini mtu mzima anayependa fasihi hawezi kuchagua nusu ya hadithi yake. Jokha Alharthi hakuchagua. Katikati ya kitabu chake amemsimamisha Zarifa, mwanamke aliyezaliwa mtumwa, akampa ulimi, akili, tamaa na hasira, katika nchi ambayo utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970, wakati baba zetu tayari wana ndevu. Hakuwadhalilisha Waomani kwa kufanya hivyo, amewapa riwaya itakayosomwa na wajukuu wa wajukuu wao. Kwa hivyo unapompendekezea mtu kitabu chenye maumivu, usimfiche. Mwambie wazi: humu kuna jambo litakalokukera, ukifika pale nipigie simu. Nimeona watu waliokwisha kuapa kuwa hawatamgusa mwandishi fulani wakimaliza kitabu chake kwa sababu tu walijua kuna mtu wa kugombana naye kila baada ya sura.

Na hivyo ndivyo kitabu kinavyopendekezwa. Kusema "kizuri sana, kisome" hakumfikishi mtu hata ukurasa wa pili. Mfikirie kwanza yule unayemwendea. Mzee aliyefanya kazi bandarini Malindi mpe Kuli, aukute mgomo wa wachukuzi wa mwaka 1948, atakusahihishia majina ya magati. Binti anayependa filamu mwoneshe kwanza Vuta N'kuvute aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021, halafu umpe kitabu, aone mangapi hayakuingia kwenye picha. Kisha msomee kurasa mbili kwa sauti. Chagua mahali penye ugomvi au mapenzi, siyo maelezo ya machweo. Mwambie na lile usilolipenda, ili akuamini kwa lile ulilolipenda.

Watoto wetu wanastahili neno lao. Wengi wanakielewa Kiswahili chote tunachowasemesha na wanatujibu kwa Kiarabu. Tumeshakubali kuwa hivyo ndivyo itakavyokuwa, na mimi nakataa kukubali. Mtoto huyo anazijua herufi za Kiingereza, na Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mpe aya moja amsomee bibi yake, hata kama kuna maneno asiyoyaelewa, bibi atakuwa anaelewa. Atakosea, watacheka, bibi atamsahihisha, ataendelea. Fanyeni hivyo baada ya chakula cha Ijumaa na simu ziwekwe chumba kingine. Kitabu cha kurasa mia mbili kitachukua miezi, na hiyo miezi ndiyo faida yenyewe.

Nawaomba pia jambo moja la haki. Acheni kurushiana vitabu vizima vilivyopigwa picha kwenye vikundi vya WhatsApp. Najua nia ni njema, na najua ugumu wa kupata nakala. Ila mwandishi wa riwaya ya Kiswahili hana mshahara wa uandishi. Nakala iliyolipiwa ikipita mikononi mwa watu kumi haimdhuru, kwani baadhi ya hao kumi watanunua ya kwao. Nakala ya wizi iliyorushwa kwa watu mia tano inamwambia mchapishaji asihangaike na mswada wake wa pili.

Njia za kununua zipo. Kila wiki kuna mtu wetu anakwenda au anarudi, na begi lenye nafasi ya mastafeli lina nafasi ya vitabu viwili. Mwandikie majina kwenye karatasi, mpe fedha mkononi kabla hajaondoka, kwa sababu ukimwambia "utaniletea tu" atasahau na hatakuwa na kosa. Watu wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wakaagiza kwa pamoja, kila nyumba kitabu chake tofauti, halafu vikazunguka. Na Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Muscat, yaliyoanza mwaka 1992, kila mwaka huujaza ukumbi wa maonyesho wa Irfan kwa familia zinazovuta mabegi ya magurudumu. Twende tukiwa wengi, tuulize vitabu vya Kiswahili kwenye kila meza ya mchapishaji kutoka nje, tuache majina na namba zetu. Tuwaandikie waandaaji na ubalozi wa Tanzania hapa Muscat kuomba meza ya Kiswahili, moja tu, kila mwaka. Mtu mmoja akiuliza ataambiwa hakuna wanunuzi. Tukiuliza mia moja, jibu hilo halitasemeka.

Usiku huu fungua kabati lako. Toa riwaya moja uliyoimaliza ukaipenda, andika ndani ya jalada jina lako, jina la yule unayempa, na mstari mtupu kwa atakayempa yeye. Mpelekee kabla ya Ijumaa. Baada ya wiki mbili mpigie simu umuulize amefika wapi.