Mkoba wa Mpiga Nyatiti

Aghalabu wasanii wanafunzi hapa Njoro huithamini ala na kuvisahau vikorokoro vyake. Nyatiti ina nyuzi 8, lakini mpigaji asiye na njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu hana mdundo. Pete yangu ilipotelea kwenye matatu ya Nakuru, nikatumbuiza arusini kwa nyuzi tupu. Nilikuwa nimeitia kiondoni. Wapo watakaodai kuwa kiondo ndicho urithi wetu. Sipingi, ila mdomo wake u wazi. Mkoba ufaao, kwa maoni yangu, ni wa turubai nzito, wenye zipu na kifuko cha ndani cha pete pekee. Nyuzi za akiba zitengwe na njuga. Nao upakatwe, usitupwe kwenye buti.