Msimwache mgonjwa katikati ya ugomvi wetu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Afya na Masuala ya UKIMWI,
Dodoma.

YAH: FEDHA ZA UTAFITI WA TIBA NA WATU WALIOJITOLEA MIILI YAO

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Temeke, ambako tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 na mauaji yaliyoandamana nao kuna majirani hawasalimiani. Novemba 27, Bunge la Ulaya lilipotaka msaada wa euro milioni 156 kwa Tanzania uzuiwe, nilisikia watu wazima wakishangilia: wakate zote, Serikali ipate adabu. Wengine wakajibu kwamba sisi ni taifa huru, wenye hela wakae na hela zao. Wiki iliyofuata Marekani ikasema inapitia upya uhusiano wake na sisi, na kesho yake, Desemba 5, Sweden ikatangaza kufunga msaada wake wa maendeleo hapa nchini. Sweden yenyewe ilieleza kwamba fedha zinaelekezwa Ukraine. Haikusaidia kitu. Mtaani habari zote tatu zilisomwa kama hukumu moja, na kila upande ukaondoka na kipande chake cha ushindi.

Katika mabishano yote hayo sikusikia mtu akimtaja aliyekubali kudungwa chanjo isiyojulikana kama inafanya kazi.

Mwaka 2007 Muhimbili ilianza majaribio ya chanjo ya VVU kwa kushirikiana na watafiti wa Sweden, ushirikiano uliokuwa umeanza tangu 1986. Waliojitolea walikuwa 60, askari wa Jeshi la Polisi hapa Dar es Salaam. Najua neno polisi linavyopokelewa huku kwetu sasa, hasa katika nyumba zenye msiba. Ndiyo sababu nimeanza nao. Askari wale walisaini fomu ya ridhaa, wakarudi kliniki mara kwa mara kutolewa damu, na hakuna aliyeuliza chanjo ile ingemkinga mpiga kura wa chama gani. Kulitaja hilo hakumwondolei mtu yeyote hatia ya Oktoba. Haki ya waliouawa idaiwe mpaka ipatikane, ila isidaiwe kwa mgonjwa.

Wapo pia ambao hakuna chama kinachowagombea: mateja wanaojidunga dawa za kulevya. Katikati ya miaka ya 2000, watafiti waliokaa nao vijiweni hapa Dar walikuta wanawake wakipeana damu. Aliyekwisha kujidunga anavuta damu yake kwenye sirinji na kumpa mwenzake asiye na hela ya unga, kwa imani kwamba humo imebaki dawa ya kumtuliza arosto. Hebu fikirini njia hiyo ya kusambaza VVU, na mfikiri pia kwamba ndani yake kulikuwa na huruma. Hakuna ripoti ya ofisini ambayo ingeligundua jambo hilo. Ilihitajika mtu anayelipwa kukaa chini na kusikiliza watu ambao wengine tunawavuka barabarani. Utafiti wa namna hiyo ulisaidia kufungua njia ya kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, Muhimbili, Februari 2011, kisha Mwananyamala, kisha hapa Temeke, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na Marekani. Kijana anayepanga foleni asubuhi kunywa dozi yake dirishani hajui lolote kuhusu seneta wala mbunge.

Waheshimiwa, utafiti una namna mbili za kusimama. Novemba 2023, majaribio ya chanjo ya VVU yaliyoitwa PrEPVacc, yaliyofanyika Dar es Salaam, Mbeya, Masaka na Durban, yalisitisha uchanjaji kwa sababu bodi huru ya wataalamu iliona hakuna dalili kwamba chanjo ingefaa. Washiriki wakaelezwa. Inauma, lakini ndiyo sayansi. Namna ya pili tuliiona Januari 2025: amri ya kusitisha misaada inatoka Washington na kazi inasimama siku hiyohiyo. Afrika Kusini kulikuwa na wanawake wenye pete ya majaribio ya kuzuia VVU bado mwilini. Mei mwaka huohuo, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikafunga pia mlango ambao vyuo vyao hupitishia fedha za utafiti kwa washirika wa nje. Yote hayo yalizaliwa na ugomvi wa Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Sasa na sisi tuna wa kwetu, na tunaelekea kuutumia vilevile.

Dawa za kufubaza VVU mlizijadili haraka, na nawashukuru. Mtu akikosa ARV mtaani watajua. Utafiti ukikatika hakuna anayelia, kwa hiyo hakuna anayeusemea. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum, 2006, kwamba kila moja ielekeze asilimia 1 ya pato lake kwenye utafiti. Miaka 20 imepita. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) tunayo tangu sheria ya 1979, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) tangu 1986, wataalamu tumewasomesha, lakini daftari la mfadhili ndilo linaloamua ugonjwa gani uchunguzwe. Nanyi mnajua kuliko mimi kwamba fedha kutengwa na fedha kutolewa ni mambo mawili.

Bunge la sasa karibu lote ni la chama kimoja. Safari hii fungu la utafiti likikosekana, hakuna mpinzani wa kusingiziwa.

Naomba basi, Wizara ya Afya itakapofika mbele yenu na bajeti, muitake orodha ya tafiti zote za tiba zilizokatizwa nchini tangu Januari 2025: zilihusu ugonjwa gani, zilikuwa na washiriki wangapi, na nani aliwafuata kuwaeleza. Orodha hiyo isomwe hadharani. Kisha muulize shilingi ngapi za kwetu zitaingia NIMR na vyuoni, na mwezi gani zitatoka. Mkiita wadau kutoa maoni, waiteni pia wanaowapinga, maana nao wana wazazi wanaotibiwa kifua kikuu Temeke.

Wenu,
Mkazi wa Temeke, Dar es Salaam